Ijumaa Nilipokuwa Mwalimu wa Mutua

Simu ya kuniambia kwamba Mutua amefariki ilinikuta jikoni nikichagua maharagwe, na jambo la kwanza nililohisi ni hasira. Nilikuwa nimepanga kwenda kumwona mwezi uleule, na yeye, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumngoja mtu aliyechelewa, hakuningoja. Siku ya mazishi mjukuu wangu Kamau alikuja Kimbo kunichukua kwa gari lake tukaenda Ngoliba. Tulipofika Gatuanyaga vumbi lilikuwa linaingia hata madirisha yakiwa yamefungwa, naye akalalamika njia nzima kwa sababu alikuwa ameliosha gari asubuhi hiyohiyo. "Cucu, kwani huyu mzee alikuwa nani wako?" akaniuliza. Nikamwambia alikuwa mwalimu wangu wa kazi. "Kazi gani sasa?" Nikamwambia kugonga mikebe ya mananasi. Akaniangalia kwenye kile kioo kidogo cha juu, akacheka, akidhani namtania.

Sikuwa namtania. Ndunge, binti yake Mutua, alikuwa ameniomba niseme maneno machache kwa niaba ya wote ambao baba yake aliwafundisha kazi, na nilikuwa nimeshachagua nitakachosema. Ningesimulia kisa cha Ijumaa ya vifuniko, siku moja tu maishani ambayo Mutua alizuia mikebe mizima akidhani ni mibovu. Nimekisimulia kisa hicho miaka mingi, kwa wafanyakazi, kwa wageni, kwa watoto wangu wakiwa wadogo na wamechoka kukisikia, na hakijawahi kukosa kuchekesha. Nilidhani nakijua chote.

Mwaka ninaousema ulikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini. Hali ya hatari ilikuwa imeanza kulegea, lakini msichana wa Kikuyu aliyetoka Ruiru kwenda Thika bado ilimpasa awe na karatasi mfukoni, na askari wa kizuizi cha barabarani aliisoma taratibu kana kwamba hakuisoma jana yake. Nilikuwa nakaa Ruiru kwa tata, dada ya mama yangu, katika chumba chenye kitanda kimoja tulicholala sote wawili, yeye upande wa ukuta kwa sababu alikuwa anaogopa kuanguka. Alfajiri lori la kiwanda lilituchukua sisi wafanyakazi karibu na stesheni. Kiwanda chenyewe kilikuwa Thika, cha kutia mananasi mikebeni, nami nilikuwa katika ukumbi wa kumenya, tumesimama kwenye maji, visu mkononi, maji ya nanasi yakitula vidole hata kama umevaa glavu. Jioni tata alinipaka mafuta ya ng'ombe kwenye mikono, na kila mara alisema vilevile: "Mikono ya msomi hii." Nilikuwa nimemaliza darasa la nane.

Darasa hilo la nane ndilo lililonitoa ukumbini. Meneja, Mzungu mrefu aliyetembea akiwa ameinamisha kichwa hata pasipokuwa na mlango, alikuwa anataka kufungua stoo kubwa Ruiru, karibu na reli, na stoo hiyo ingehitaji mkaguzi wake. Aliniita akaniambia masharti kwa Kiswahili chake kifupi. Nitakuwa mwaka mmoja chini ya Mutua katika chumba cha kugongea. Mwaka ukiisha, Mutua akisema naweza kusimama peke yangu, nitapewa koti jeupe niende Ruiru. Asiposema hivyo, nitarudi kwenye kisu. Nilirudi kwa tata nikamwambia, naye akauliza swali moja tu, kama huyo Mutua alikuwa mtu mzuri. Nikasema sijui, nimesikia anajipenda.

Alikuwa anajipenda kweli. Alikuwa mtu wa miaka kama arobaini, Mkamba wa Ngoliba, suruali imenyooshwa mstari mpaka unaweza kukukata, na kofia ya manyoya ya kijivu ambayo aliitundika kwenye msumari wake peke yake na hakuna mtu mwingine aliyethubutu kutundika kitu hapo. Chumba chake kilikuwa kati ya mahali pa kupoza mikebe na stoo. Mlango ulikuwa wa mbao mbili zilizojazwa magunia katikati ili kelele za mashine zisiingie, kwa hiyo ukitoka ukumbini ukafunga mlango ule ulijisikia umeziba masikio. Kulikuwa na meza ndefu, stuli moja ndefu, sanduku la kukalia, na vijiti vya chuma vyenye kichwa cha mviringo. Kazi ilikuwa hii: mkebe ukishafungwa na kupikwa kwa mvuke na kupoa, kifuniko chake huvutwa ndani, na ukikigonga hulia kwa sauti nyembamba, safi. Kama umevuja, au haukufungwa vizuri, sauti inakuwa nzito, imekufa. Mkebe kama huo ukiuacha uende, utavimba njiani, na mtu akiula atakuwa mgonjwa au zaidi ya mgonjwa. Mutua alitembea kando ya safu za mikebe akigonga haraka, akitoa mmoja hapa na mmoja kule. Kiwanda kizima kilijua kwamba hajawahi kuachilia mbovu wala kuzuia mzima. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akisema hivyo mara nyingi zaidi. Meneja akileta wageni kutoka Nairobi aliwapitisha chumbani waone, na Mutua alifumba macho akigonga. Hakuwahi kufumba macho kama hakuna wageni.

Majuma ya kwanza hakunifundisha kitu, au ndivyo nilivyoona. Aliniambia, "Gonga, tenga," akaondoka. Nilitenga mibovu upande wangu, kisha yeye akapita nyuma yangu akigonga tena, na ile ambayo hatukukubaliana aliigeuza juu chini tu. Nilibaki nikiigonga ile iliyogeuzwa mpaka niisikie. Akiingia nyapara na kumuuliza kuhusu safu yangu, Mutua alimwambia, "Muulize mwenye safu," hata kama nyapara yule hakutaka kuniuliza msichana. Hakunikosoa mbele ya mtu hata mara moja. Tukiwa wawili alinikosoa vya kutosha, tena kwa maneno ambayo tata nilipomsimulia alitaka kupanda lori aje amwone.

Saa ya chakula tulikaa chini ya paa la mabati nje, wanawake wa ukumbini upande mmoja na wanaume upande mwingine. Mimi sikuwa na upande. Koti jeupe sikuwa nalo na kisu sikuwa nacho. Mutua aliniita nikae karibu na mlango wa chumba chetu, akanipakulia muthokoi aliyokuja nayo kutoka nyumbani Jumatatu, mahindi yaliyokobolewa na mbaazi, akanipa na kijiko chake akala kwa mkono. Siku moja nilisikia Mkamba mwenzake, mtu wa kupakia lori, akimwuliza kwa sauti ambayo alitaka niisikie. "Mutua, umekosa mtoto wa kwetu wa kufundisha? Hata kijana mmoja? Unafundisha huyu, kesho atachukua stuli yako."

"Nilitafuta mtu wa kusikia," Mutua akamjibu, akitafuna. "Kama ningetafuta wa kuoa ningekuja kwa dada yako."

Wanaume walicheka, na yule wa lori akacheka pia, kwa shida. Mimi nilitazama muthokoi yangu. Niliona aibu na nilifurahi, na sikujua hayo mawili yanaweza kukaa pamoja.

Kilichonisumbua ni kwamba nilijifunza uso wake kabla ya kujifunza mikebe. Sauti ikiwa mbaya, mdomo wake wa juu ulijikunja kidogo upande wa kushoto. Basi nilikuwa nagonga, namtazama, natenga. Kazi yangu ikawa nzuri ghafla, na nikajisifu kwa tata. Mutua alinigundua upesi. Kesho yake alianza kusimama akiwa amenipa mgongo, akitazama ukuta na kofia yake, na nikaanza kukosea tena kama mtu wa jana. "Ruiru hakuna uso wa Mutua," aliniambia, bado akitazama ukuta. "Huko utaangalia nini?"

Ndipo akaleta habari ya Ijumaa. Ijumaa ndiyo iliyokuwa na mikebe mingi, kwa sababu mizigo ya Jumamosi ilipelekwa reli. Asubuhi hiyo nilimkuta amekaa kwenye sanduku langu, amevua kofia, na stuli yake ndefu iko tupu. Akaniambia nikae pale. "Leo mimi sijui kitu. Wewe ni mwalimu. Nifundishe." Nilidhani ni mzaha wa saa moja. Nikamwambia, "Chukua kijiti, gonga mkebe." Akachukua kijiti akaugonga ubavuni, kwa nguvu, mpaka ukabonyea. "Umesema gonga," akasema. Nikamwambia gonga juu. Akagonga ukingoni. Nikamwambia katikati, taratibu. Akagonga taratibu kiasi kwamba hakuna aliyesikia. Alifanya nilichosema na hakuongeza hata kidogo, siku nzima, na kila nilichosahau kusema kilitokea mbele ya macho yangu. Tena aliuliza maswali ya kijinga bila kuchoka. "Mwalimu, kwa nini katikati?" "Mwalimu, huu uko na ubaridi, utalia kama ule wa moto?" Sikujua. Ilinibidi niende chumba cha kufungia mikebe nikamwulize Fundi Gurdial, Kalasinga aliyekuwa na mashine za kufunga vifuniko, na yeye akaniuliza nani anataka kujua. Nikasema mwanafunzi wangu. Akacheka sana, halafu akanikatia mkebe kwa msumeno anionyeshe jinsi bati la kifuniko linavyokunjwa juu ya bati la mkebe.

Basi ikawa hivyo kila Ijumaa. Siku nyingine zote nilikuwa Nyambura, mara nyingi "wewe." Ijumaa nilikuwa mwalimu, na neno langu ndilo lililopita. Alikuwa ametangaza hivyo kwa nyapara, na meneja alipoambiwa alitikisa kichwa chake kilichoinama akasema ni sawa mradi mizigo inatoka. Niliichukia siku hiyo. Nilirudi Ruiru nikiwa nimechoka kuliko nilipokuwa namenya, kwa sababu kumfundisha mtu anayejua, anayejifanya hajui, ni kuvuliwa nguo polepole. Tata aliona mikono yangu imepona, akawa haelewi nanung'unika nini.

Mwaka ulikuwa unaelekea mwisho ilipofika Ijumaa ya vifuniko. Safu ya kwanza tu nilisikia vibaya. Niligonga mkebe, sauti ikawa chini, nzito. Nikagonga wa pili, vilevile. Nikahamia katikati ya safu, nikaenda mwisho, nikarudi. Mkebe mmoja mmoja kuharibika ni kawaida, lakini hii ilikuwa kazi ya asubuhi nzima, mikebe ya kujaza behewa, na behewa lilikuwa linangojwa. Nilimpa Mutua kijiti nikamwambia agonge safu ya pili. Akagonga, taratibu, katikati, kama nilivyomfundisha. Akauchukua mkebe mmoja akaupapasa kifuniko kwa kidole gumba, akaurudisha.

"Mwalimu," akasema, "yote inalia sawasawa?"

"Yote inalia vibaya," nikamwambia. "Endelea kugonga."

"Haya, mwalimu."

Nilikuwa nimemzoea na maswali yake ya Ijumaa. Nikaandika ubaoni kwa chaki kwamba mikebe imezuiwa, na nyapara akakimbia kumwita meneja. Meneja aliingia akautazama ubao, kisha akanipita akaenda moja kwa moja kwa Mutua aliyekuwa kwenye sanduku. "Mutua, hii mikebe mbaya?"

"Leo mimi ni mwanafunzi, bwana," Mutua akasema. "Mwalimu ni huyu."

Meneja hakucheka. Shingo ilimwiva, nami nilijua kwamba akiamua kumlazimisha Mutua aseme, nitakuwa nimeshapoteza mwaka. Halafu akanigeukia. "Una hakika?"

Nilimtafuta Mutua usoni. Nakiri nilimtafuta, kwa nguvu zangu zote. Alikuwa amegeuka anatazama kofia yake kwenye msumari. Sikuona kitu isipokuwa mgongo na mstari wa suruali.

"Nimeizuia, bwana," nikasema.

Mizigo ilibaki. Behewa liliondoka bila yetu. Mikebe kadhaa ilichukuliwa ikawekwa katika chumba cha joto, ambako mkebe mbovu huvimba kwa siku chache, ili ijulikane kama nilisema kweli. Juma hilo sikula vizuri. Kila asubuhi nilikwenda kuchungulia chumba kile, jasho likinitoka, nikiwa naomba Mungu mikebe ya watu ivimbe. Tata alinipikia irio na kunikalia mbele mpaka nimalize sahani. "Ukirudishwa kumenya si utamenya tu," akaniambia. "Watu hawafi kwa kumenya." Nikamwambia sitaki kumenya. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema kwa mdomo kwamba nilikuwa naipenda ile kazi ya kugonga, chumba kile kimya, sauti zile, hata Mutua.

Haukuvimba hata mmoja. Ijumaa iliyofuata mikebe ile ilikatwa, ikaonjwa, ikapimwa, na mananasi yalikuwa mazima kabisa. Fundi Gurdial alikuja ofisini kwa meneja ameshika vifuniko viwili, kimoja cha zamani na kimoja kipya, akavigonga kwa kucha mbele yetu. "Bati mpya imekuja kutoka pwani," akasema. "Nene kidogo. Sauti lazima iko chini. Mimi najua, lakini hakuna mtu aliniambia nipeleke habari kwa chumba ya kugonga." Hakusema kwa ubaya. Meneja alimwambia aende. Tukabaki watatu, mimi nimesimama, Mutua amesimama karibu nami ameshika kofia mkononi, kwa sababu ofisini kofia ilivuliwa.

Meneja hakuwa na hasira tena, na hilo liliniogopesha zaidi. Alikuwa karibu kuamua. Akamwuliza Mutua jambo moja, taratibu, kwa sababu lilikuwa jambo la haki: kama ingekuwa siku nyingine, Jumatatu au Jumanne, na yeye Mutua ndiye aliyeigonga ile mikebe, angeizuia?

Kulikuwa na kalenda ukutani yenye picha ya meli. Niliitazama hiyo. Nilijua jibu lake ndilo litakaloamua kama ninakwenda Ruiru au ninarudi kwenye maji.

"Ningeizuia, bwana," Mutua akasema.

"Wewe?"

"Hata mimi. Hii bati mpya imenidanganya."

Meneja alimtazama mtu ambaye alikuwa akimwonyesha kwa wageni. Kisha akasema kwamba kama imemdanganya Mutua, msichana angefanya nini, akaagiza kuanzia siku hiyo bati mpya lisitumike mpaka chumba cha kugongea kimeonyeshwa. Tukatoka. Kwenye ushoroba nilitaka kumshukuru, sikujua kwa lipi hasa, naye akawa ameshavaa kofia na kutangulia.

Nilipofika chumbani alikuwa kwenye sanduku. Nilikuwa nimesahau kwamba ni Ijumaa. Stuli ilikuwa tupu na kijiti kiko juu ya meza. "Mwalimu," akasema, "tunaanza wapi?" Nikamwambia sitaki, akae mwenyewe kwenye stuli yake, mimi nimeshamwaibisha vya kutosha, na nikaanza kulia, kitu ambacho sikuwa nimefanya mwaka mzima. Hakuinuka, hakunibembeleza. Nilipomaliza kulia akasema, "Mimi bado nimekaa hapa chini. Na mikebe imeshapoa." Basi nikapanda stuli.

Habari ilienea kabla ya saa ya chakula. Yule wa lori ndiye aliyemtungia jina, Bwana Vifuniko, na jina likashika. Walimwuliza kama masikio yake yana nta. Walimgongea sahani wakamwuliza kama ni nzima. Yeye ambaye alikuwa na majibu ya kila mtu aliendelea kula muthokoi yake. Meneja hakuleta wageni tena chumbani. Nililiona hilo na liliniuma, lakini nilikuwa kijana, na nilikuwa na faraja yangu: kama sauti ile ilimdanganya hata Mutua, basi mimi sikuwa mjinga. Niliishika faraja hiyo kwa mikono miwili. Mwaka ulipoisha meneja alimwuliza, naye akasema, "Anaweza kusimama." Nikapata koti jeupe nikaenda Ruiru.

Stoo ile ya Ruiru haipo siku hizi, pamejengwa ploti za kupanga. Nilifanya kazi humo mpaka kiwanda kilipofungwa, na nilifundisha watu wengi kugonga. Wote niliwakalisha kwenye stuli yangu Ijumaa. Wote walilalamika. Na kila mmoja, siku alipokosea mara ya kwanza kosa kubwa na kutaka kuacha kazi, nilimkalisha nikamsimulia Ijumaa ya vifuniko, kwamba hata Mutua, sikio la Thika nzima, alidanganyika siku moja na akakubali hivyo mbele ya meneja. Kisa hicho kilifanya kazi kila mara. Waliinuka wakarudi kwenye safu.

Ngoliba tulikuta hema limeshajaa. Wazee wawili wa kiwandani walikuwa hapo, wananyanyuliwa na wajukuu, na mmoja aliniambia, "Bwana Vifuniko ametuacha," tukacheka kidogo. Nilipelekwa ndani ya nyumba kumpa pole mjane, Syombua, ambaye sikuwahi kukutana naye ila kwa muthokoi yake. Alikuwa ameketi kwenye kochi, mdogo, blanketi magotini. Nikajitambulisha. Akanishika mkono akauacha mapajani mwake.

"Nyambura wa Ruiru," akasema. "Mwalimu."

Nikashangaa analijua jina hilo. Nikamwambia kwamba nje nitasema maneno machache, kwamba nitasimulia ile siku mimi na Mutua tulivyodanganywa na bati jipya. Nilisema ili nimchekeshe.

"Nyinyi wawili?" akasema. "Ai. Yeye hakudanganywa. Jumamosi alikuja na baiskeli, hata chakula akakataa. Akaniambia, mama Ndunge, yule msichana amezuia mikebe mizima. Nikamwuliza umejuaje. Akasema kwa sababu yote ilikuwa inalia sawasawa. Ati mibovu hailingani, kila mmoja uko na sauti yake, lakini ile yote ilikuwa na sauti moja, basi ni bati imebadilika. Nikamwambia, kwa nini hukumwambia? Akasema nilimwuliza, mama. Nilimwuliza vile mwanafunzi anaweza kuuliza. Hakunisikia."

Mtu alituletea chakula, nikapewa sahani, nikaishika. Nilisikia swali lile upya, na sauti yangu ikilijibu, endelea kugonga. Nilimwuliza Syombua kwa nini basi alisema uongo kwa meneja. Akasema hilo Mutua hakumwambia, juma lililofuata alimwambia tu kwamba mambo yameisha vizuri na msichana anabaki. Jina la Vifuniko alikuja kulisikia baadaye kwa watu wengine, likamkasirisha sana, na kila alipotaka kuwajibu mumewe alimkataza.

Nilikasirika. Nitasema wazi, nilikaa kwenye kochi la mjane nikiwa na hasira na marehemu. Angeweza kusema neno moja siku ile na nisingekaa juma zima nikiombea mikebe ivimbe. Halafu nikamkumbuka amesimama karibu na kalenda ile, kofia mkononi, mtu aliyefumba macho mbele ya wageni, akisema "hata mimi." Alijua anachotoa. Nikaanza kulia, na Syombua akanitolea sahani mapajani ili isimwagike.

Nje walikuwa wananiita. Kamau alinishika kiwiko tukapita kati ya viti mpaka penye kipaza sauti, karibu na jeneza. Watu walikuwa wengi, na wale wazee wawili mbele wameshaanza kutabasamu, wanajua nitakachosimulia. Nilimwona na mjane amesaidiwa kutoka nje, amekalishwa kivulini, ananitazama. Nikasema jina langu na kwamba Mutua alinifundisha kazi. Nikawaeleza chumba, na kofia, na Ijumaa, wakacheka. Kisha, nikikumbuka Mutua alivyomkataza mkewe asiwajibu watu, nikawaambia kwamba katika maisha yake yote ya kazi Mutua alizuia mikebe mizima mara moja tu, bati jipya lilimdanganya, na siku hiyo tuliizuia pamoja, mimi na yeye. Wazee wakapiga makofi. Syombua aliinamisha kichwa, akaanza kulikunja upya blanketi lake magotini, polepole.